Miaa, ukindu na usumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kwa wasusi wa mikeka na vikapu, wakataji wa majani na wanunuzi wa Mombasa na viunga vyake, kuanzia Kisauni na Likoni hadi Kwale na Kilifi ambako malighafi nyingi hutoka. Kusuka kwenyewe hakufundishwi hapa. Hiyo ni kazi ya kukaa ubavuni mwa anayejua ukatazama vidole vyake. Hapa ni habari za jani kabla halijafika mkononi mwa msusi, kwa sababu huko ndiko mambo yanakoharibika siku hizi. Maswali yamepewa nambari ili jibu moja lisirudiwe mara tatu.

## Mimea yenyewe

1. Vikapu na mikeka ya Pwani husukwa kwa mmea gani?

Kazi kubwa hufanywa na miti miwili ya jamaa ya mnazi, inayojiotea yenyewe: mkoma na mkindu.

Mkoma ndio unaozaa makoma, yale matunda magumu ya rangi ya kahawia ambayo watoto huguguna ganda lake. Shina lake aghalabu hugawanyika panda, na jani lake hutanuka kwa duara kama pepeo la jikoni. Unastahimili jua na ukame, ndiyo maana utauona nyika za Kinango, Magarini, hadi bonde la Mto Tana. Majani yake hutoa miaa.

Mkindu hupenda maji: kingo za mito, mabonde yenye chemchemi, vinamasi. Huota kichaka, mashina mengi pamoja, na jani lake ni refu lenye vijani pande mbili, mfano wa kuti la mnazi lililopunguzwa. Hutoa ukindu, ambao ni mwembamba na laini kuliko miaa.

Wageni huuchanganya mkoma na mvumo. Mvumo una shina moja lisilo na panda, hunenepa katikati, na jani lake ni kubwa na gumu. Si mbaya kwa kazi zisizotaka ulaini, ila vidole vyako vitakushtaki.

2. Nitumie miaa au ukindu?

Angalia mzigo. Kikapu cha kubebea nazi na viazi kutoka soko la Kongowea ni cha miaa. Mkeka wa kulalia, mswala, kawa la kufunikia chakula au mkoba wa kutokea ni wa ukindu. Jamvi la kukalia watu matangani ni la miaa, na kifumbu cha kuchujia tui pia ni cha miaa, kwa kuwa hukamuliwa kila siku. Wako wanaochanganya: mwili wa miaa, nakshi za ukindu uliotiwa rangi. Hupendeza, lakini lowesha kila kimoja peke yake, maana havinyonyi maji kwa kasi moja.

Ukiagiza kwa simu, taja mti. Wauzaji wengi huita kila kitu miaa, na mzigo ukishapakiwa kwenye matatu haurudi.

3. Mbona hamtumii makuti ya mnazi, na yamejaa kila mahali?

Tunayatumia kwa kazi za muda. Kuti bichi husukwa pakacha papo hapo, likabeba maembe mpaka sokoni, likatupwa. Likikauka huvunjika penye mkunjo. Makavu ni ya paa, na chelewa zake ni za ufagio. Thamani ya mnazi kwa msusi iko kwenye makumbi, yanayotoa usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba. Tazama swali la 18.

4. Na mkonge? Na mbuyu?

Mkonge wa mashamba, kama ule unaouona njiani Vipingo, si wa porini wala si wa asili ya kwetu. Asili yake ni Meksiko, na uliletwa Tanga mwaka 1893. Katani yake ndiyo Wakamba na Wataita wanayofumia vyondo, vinavyouzwa sana Mombasa. Ni ufundi mwingine kabisa: uzi husokotwa kwanza, kisha kikapu hufumwa kuanzia kitakoni bila kushonwa. Uko pia mkonge wa mwituni, wenye majani ya mabaka uotao chini ya vichaka vya nyika. Huo ni wa kwetu, na kamba yake ilitumika kabla ya ule wa mashamba kufika.

Mbuyu hutoa nyuzi kutoka gome la ndani, na una bahati ya kuliotesha tena gome lililobanduliwa. Bahati hiyo isikutie tamaa. Bandua upande mmoja, kipande cha kiasi, halafu uache miaka ipite. Mbuyu wenye makovu matatu yasiyofunga usiuongeze la nne.

## Kukata

5. Ni jani lipi linalokatwa?

Jani changa la katikati, lililosimama wima na bado halijafunguka. Lishike: lina ubaridi, limekunjwa mkunjo juu ya mkunjo, kingo zimegandana, na ukilipasua kwa ukucha ndani ni jeupe lenye kuelekea umanjano. Likishafunguka na kupigwa jua hugeuka kijani, huwa gumu, na ukilipinda linakatika. Hilo la kijani liache, ndilo linalolisha mti.

Kata juu, pale jani linapoanza kuwa na mikunjo iliyokomaa. Usiling'oe, wala usifukue chini kutafuta urefu zaidi. Huko chini, ndani ya maganda, ndimo ulimo moyo, na kila ncha ina moyo mmoja tu. Kisu kikiufikia, ncha hiyo imekufa.

6. Nikate mangapi?

Moja kwa kila ncha, na linalofuata huachwa lifunguke lote. Kichaka cha mkindu chenye mashina manane hakitoi majani manane kwa siku moja. Chagua matatu au manne, mengine yangoje safari ijayo.

Machipukizi yasiyofika magotini yaache kabisa. Hapo ndipo penye kishawishi, kwa sababu mtu aliyechoka huinama kuliko kunyoosha upembo, ule mti mrefu wenye ndoano. Kichaka kinachokatwa chini kila mara hakina warithi: mashina marefu yakizeeka na kuanguka, hakuna cha kushika nafasi yao.

7. Nitajuaje kama shina limeshapumzika vya kutosha?

Usihesabu wiki. Mti wa bondeni na mti wa nyika hawaendi mwendo mmoja, na mwaka wa mvua si sawa na mwaka wa ukame. Siku unapokata, funga kipande cha uzi wa rangi kwenye jani la mwisho lililofunguka. Ukirudi, tazama juu ya uzi. Kama hakuna jani jipya lililofunguka, hilo lililosimama katikati si lako. Kama lipo moja limefunguka na jingine limesimama, kata.

Uzi wa pamba unatosha. Wa nailoni hubaki porini miaka.

8. Ni msimu gani mzuri wa kukata?

Mti hukua kwa kasi wakati wa mvua, yaani Aprili hadi Juni na tena kwenye vuli, Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba. Lakini majani ya mvua hukaukia wapi? Ndiyo maana wengi hukata mvua ikishapita. Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma na jua ni kali, miaa hukauka ikatoka nyeupe. Kipindi cha kusi, kuanzia Julai, kinafaa pia, ila manyunyu ya alfajiri yatakutoa kitandani mbio.

Ukame ukizidi, acha. Jani la wakati huo huwa fupi, nawe utakuwa umeuondolea mti akiba yake.

9. Nibebe nini?

Mundu uliotiwa makali, upembo wa kufikia juu, kamba za kufungia, maji, na viatu vya kufunika mguu. Vikonyo vya mkoma vina miiba myeusi iliyopinda. Ukivuta mkono kwa hasira ndipo inapozidi kuingia. Vijani vya chini vya mkindu vyenyewe vimegeuka miiba, virefu na vyembamba, na ncha hukatikia ndani ya nyama. Itoe siku hiyo hiyo, osha, na ikivimba nenda zahanati ukaulizie sindano ya pepopunda. Piga kichaka kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono. Usiende peke yako.

10. Mbona miaa ya siku hizi ni mifupi kuliko ya zamani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kila mtu humlaumu mwenzake.

Sehemu moja ni ardhi. Mabonde yaliyokuwa na mikindu karibu na mji yamekatwa viwanja au kugeuzwa mashamba, kwa hiyo wakataji wote wamejazana kwenye vichaka vilivyobaki. Sehemu ya pili ni mti wenyewe: ncha inayokatwa jani baada ya jani haina majani ya kijani ya kuilisha, basi kila jani jipya hutoka fupi na jembamba kuliko lililotangulia. Ukiona mkoma wenye majani mawili matatu tu yaliyofunguka, na lililo katikati halizidi urefu wa mkono, huo umechoka.

Sehemu ya tatu hatupendi kuitaja, nayo ni sisi wanunuzi. Tunalipa kwa fungu. Fungu la majani marefu yaliyochaguliwa na fungu la vipande lina bei moja, ilimradi unene ulingane. Mnunuzi mmoja alimlalamikia mkataji wa upande wa Kinango:

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona fungu la leo ni fupi hivi?"

"Nikikuletea refu, utanilipa refu?"

Hakujibiwa. Anayepumzisha vichaka vyake hutembea zaidi na kurudi na mzigo mdogo, na sokoni halipwi zaidi ya yule aliyefagia kila kitu. Mpaka hapo pabadilike, kumhubiria mkataji ni kujichosha. Kuhusu namna ya kununua, tazama maswali ya 19 na 20.

## Ruhusa

11. Pori halina mwenyewe. Niombe ruhusa kwa nani?

Lina mwenyewe, ila hajaweka ukuta. Kama ni shamba la mtu, mwenye shamba. Kama ni ardhi ya jamii, kamati yake, na kwa vitendo utaanza kwa mzee wa kijiji. Nenda mapema, kaa, salimia vizuri, sema unataka nini na kiasi gani. Mtu aliyekaribishwa mara moja kwa heshima hupata njia ya miaka mingi, na aliyeingia kimya akionekana na mundu huitiwa kelele za mwizi.

Kama ni msitu wa serikali, upo chini ya KFS, shirika la misitu la Kenya, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu wananchi wanaopakana na msitu kujiunga katika chama cha jamii cha msitu na kupewa haki za matumizi kwa makubaliano. Kwa kikundi cha wasusi, kuzungumza na chama kama hicho ni rahisi kuliko kila mtu kuomba peke yake. Ndani ya hifadhi za wanyama zinazosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori, usiingie kukata bila idhini yao.

Hata ukiwa na ruhusa ya mdomo, mzigo mkubwa wa gari ulizie kituo cha misitu kabla ya kupakia. Kizuizi cha barabarani si mahali pa kuanza kueleza.

12. Ndani ya kaya je? Nimeona mikindu mizuri huko.

Usikate. Misitu ya kaya za Mijikenda ni mahali patakatifu, imelindwa na wazee kwa vizazi, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Nyingi pia ni turathi za kitaifa chini ya Makavazi ya Kitaifa. Kila kaya ina miiko yake, na wazee ndio wanaosema kinachoruhusiwa na wapi. Mtu wa kutoka mjini hana la kujadili hapo. Mikindu hiyo ni mizuri kwa sababu haikukatwa.

13. Naweza kubandua gome la mkoko kwa ajili ya rangi?

Gome la mkoko hutoa wekundu wa kahawia unaoshika vizuri, na wazee walilitumia. Leo mikoko ni msitu wa serikali, na kubandua gome la mti uliosimama ni kuuua. Kama yupo mtu mwenye leseni ya kukata boriti, muombe maganda yatakayotupwa. Kama hayupo, tumia rangi za swali la 17.

## Kukausha, kuchana na kutia rangi

14. Nikaushe vipi?

Siku ile ile uliyokata, fungua jani, tenganisha vijani, na uvitandaze kwenye jua juu ya jamvi au changarawe safi, si juu ya udongo wala bati. Bati huunguza. Geuza mchana. Magharibi ingiza ndani kabla umande haujashuka. Jua zuri la kaskazi hukamilisha kazi kwa siku tatu hadi tano. Mwaa mkavu hutoa sauti ukiukunja mkononi na hauna ubaridi tena.

Wanaotaka weupe zaidi huchemsha ukindu kidogo kabla ya kuanika. Inasaidia, lakini ukizidisha unalegea na kukatika wakati wa kusuka.

15. Miaa yangu imeota koga. Imeharibika?

Karibu kila msusi wa kisiwani huuliza hivi, kwa sababu hewa ya Mombasa haikauki hata siku ya jua. Koga nyeupe ya juujuu hufutika: pangusa kwa kitambaa chenye maji ya ndimu na chumvi, anika jua kali siku nzima. Madoa meusi yaliyoingia ndani hayatoki. Tenga hizo kwa kazi ya rangi nyeusi au kamba. Zikinusa uvundo na kukatika zikivutwa, zitupe.

Chanzo huwa ni kimoja kati ya viwili: zilifungwa kabla hazijakauka, au zilitiwa kwenye mfuko wa plastiki. Ning'iniza mafungu darini au juu ya jiko mahali panapopita moshi kidogo na hewa. Gunia la katani linafaa. Usizilaze sakafuni, hasa kwenye nyumba za matumbawe za Mji wa Kale ambazo kuta zake hutoa jasho.

16. Nichane upana gani, na mbona zinakatika nikisuka?

Ondoa uti wa katikati kwanza, kisha chana kwa ukucha, sindano au ncha ya kisu kutoka kitakoni kwenda nchani. Upana hutegemea kazi: chana za mkeka mwembamba ni nyembamba, za kapu la soko huweza kufika upana wa kidole. La maana ni zilingane. Ukili, yaani utepe mrefu uliosukwa kwa chana, ukiwa na chana nene na nyembamba hupinda upande mmoja, na hakuna kushona kutakakouweka sawa.

Zikikatika ni kavu mno. Nyunyizia maji, zifunge kwenye kitambaa kibichi kwa muda kabla ya kusuka, na loweka vidole mara kwa mara. Usizitumbukize kwenye ndoo usiku kucha. Zitavimba, utasuka ukili uliokaza, na kesho ukikauka utaacha mianya. Kili zikishakuwa tayari hushonwa kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea, na mwaa mwembamba uliolowa.

17. Ni rangi gani zinashika?

Rangi za unga zinazouzwa madukani kwa wasusi ndizo zinazotumika zaidi. Maji yachemke, tia unga na kiganja cha chumvi, zamisha chana, geuza, acha zipoe ndani, suuza mpaka maji yatoke safi, kausha kivulini. Suuza kweli. Mkeka unaochuja hupaka rangi kanzu ya mtu, na hutauza tena mtaa ule. Unga huo usiuvute puani, na sufuria yake isirudi jikoni.

Kwa rangi za mimea: mizizi ya mdaa hutoa weusi, na bizari ya manjano hutoa umanjano mzuri unaofifia juani. Mteja anayetaka rangi ya asili mwambie mapema kwamba itabadilika. Mdaa nao ni mmea wa porini na kinachochimbwa ni mzizi, kwa hiyo chukua upande mmoja, rudishia udongo.

18. Usumba hupatikanaje?

Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wenye tope, mahali maji ya bahari yanapopanda na kushuka, yakafunikwa kwa mawe ili bamvua, maji makubwa ya bahari, isiyachukue. Huachwa miezi kadhaa, mara nyingi mitatu hadi sita. Yakifukuliwa hunuka, hilo ni la kawaida. Hupigwa kwa gongo juu ya jiwe mpaka nyama ya ganda itoke na nyuzi zibaki, zikaoshwa, zikakaushwa na kusokotwa kamba. Kamba hiyo haiogopi chumvi, na ndiyo bora kwa mikono ya kapu zito. Weka alama yako penye shimo lako. Ufukwe wa watu wengi una wafukuaji wengi.

## Soko

19. Nikinunua badala ya kukata, nikague nini?

Wauzaji wa mikeka, vikapu na miaa utawakuta Kongowea na Marikiti, na wengine hupeleka majumbani kwa oda. Fungua fungu, usitazame la juu tu. Angalia urefu wa majani ya katikati ya fungu, maana marefu huwekwa nje. Ingiza mkono: pakiwa na ubaridi, hazijakauka, na unanunua maji. Nusa. Vuta mwaa mmoja kwa mikono miwili. Tazama kitako cha jani: kikiwa kimekatwa safi, mkataji anajua kazi, kikiwa na nyuzinyuzi laini nyeupe na vipande vya maganda, limeng'olewa, na kule lilikotoka kuna ncha iliyokufa.

Ukipata mtu anayekata vizuri, mshike. Mlipe kwa urefu, mpe oda mapema ili asikimbizane na msimu.

20. Nipange bei vipi ili nisipate hasara?

Wasusi wengi huhesabu miaa, rangi na nauli, wakasahau siku zao. Ukili ndio unaokula muda. Kushona ni kazi fupi. Basi pima ukili kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ujue pima moja inakuchukua muda gani na kapu lako linameza pima ngapi. Jumlisha na gharama, halafu ongeza sehemu ya mkataji wa jani refu. Mteja akisema "mama, punguza kidogo," utajua kidogo chako kinaishia wapi.

Duka la watalii likikuuliza bei ya jumla, usitaje papo hapo. Wao watauza mara kadhaa ya hapo, nawe utabaki umefungwa na neno lako.

21. Vikapu vya mikanda ya plastiki si vinaua kazi yetu?

Vimechukua wateja wa sokoni, kweli, kwa sababu havilowi na havioti koga. Lakini marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 iliwarudisha watu wengi kwenye kapu, la aina yoyote. Wasusi wengine hufanya vyote viwili, na hakuna aibu: kapu la mikanda la samaki, la miaa la mboga na la kutokea. Kisichofaa ni kuchanganya mkanda na mwaa katika ukili mmoja, maana mkanda hukata mwaa penye mkunjo.

## Mambo yasiyo ya kila siku

22. Naweza kupanda mikoma au mikindu yangu?

Unaweza, ukiwa na subira ya miaka. Mkindu ni rahisi zaidi: mbegu za tunda lililoiva, zilizolowekwa na kuatikwa kivulini, huota, na mche huhamishika ukiwa mdogo. Utie karibu na maji, hata penye maji machafu ya bafuni. Mkoma una tabia yake. Mbegu ikiota hushusha kwanza mzizi mrefu ardhini kabla ya kuonyesha jani, kwa hiyo ukiuatika kwenye kikopo na kuuhamisha unaukata roho. Panda mbegu pale pale utakapokaa mti, na weka kijiti cha alama watu wasidhani hapana kitu.

Miti hii yote miwili ina dume na jike mbalimbali. Ukitaka mbegu baadaye, usipande mmoja.

23. Mkoma unaogemwa pombe ya tembo nao nikate?

Hapana. Mgema tayari anauchukua utomvu wa ncha ile ile. Mkoma ukigemwa na kukatwa pamoja hauchukui muda kufa. Ongea naye mgawane mashina, yeye haya, wewe yale.

24. Pori limeungua. Mikoma imekwisha?

Mara nyingi la. Mkoma hustahimili moto, na baada ya mvua utaona majani mapya meupe mazuri yakisimama pekee juu ya shina jeusi. Ndiyo majani ya kuogopa. Mti ulioungua hauna jani jingine la kuulisha, kwa hiyo ngoja yafunguke kadhaa kwanza, kisha fuata swali la 7.

25. Mteja wa nje anataka vikapu. Kuna karatasi gani?

Kwa mzigo wa biashara, nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea, na hapa kinatolewa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, baada ya ukaguzi. Vitu viwe vikavu kabisa, bila udongo, mbegu wala mdudu. Mtalii anayebeba kimoja kwenye begi naye mwambie akitaje forodhani kwao, hasa akiwa anaenda Australia au New Zealand, la sivyo kinaweza kuishia motoni.

26. Kapu la bibi limetoboka na linamwaga unga. Latengenezeka?

Unga ni dalili ya mdudu aliye hai ndani. Lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na ulitie kwenye friza wiki nzima, au lianike jua kali siku kadhaa ukiligeuza na kuligonga. Kisha kata uzi wa kushonea kwenye mizunguko iliyotoboka tu, toa ukili mbovu, ingiza mpya wa upana ule ule na ushone kwa shazia ukirudia matundu ya zamani. Ukili mpya utakuwa mweupe kuliko wa zamani kwa muda. Usiupake chai ili ufanane.